Tahajia moja, asili mbalimbali: mwongozo kamili wa kuchunguza maneno yanayofanana katika lugha za Uganda

Mtu aliyekijua Kiswahili barabara akifungua ramani ya Uganda hukutana na majina anayodhani anayaelewa. Kaskazini kuna watu wa Lango, mashariki kuna eneo la Teso na mji wa Kumi, na karibu na mpaka wa Sudan Kusini kuna mji wa Moyo. Akiingia sokoni Kampala anasikia katika Kiganda mizizi kama tunda, sala na kula, na kila mmoja unamvuta kwenye maana ambayo msemaji hakuikusudia. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalipokitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na hasa tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, walimu, wafasiri, watangazaji na watunzi wa kamusi wanahitaji njia ya kuaminika ya kushughulikia maneno ya namna hii.

Mwongozo huu unaeleza njia hiyo hatua kwa hatua. Msimamo wangu nautaja mapema: kufanana kwa herufi peke yake hakuthibitishi lolote kuhusu nasaba ya maneno. Kila neno linapaswa kufuatiliwa hadi kwao kivyake kabla halijawekwa kando ya jingine. Jambo hili lina uzito kwetu kwa sababu majina ya watu na ya miji yamo ndani yake, na maelezo ya kubuni kuhusu jina la kabila huwaumiza wenye jina hilo hata pale msemaji asipokuwa na nia mbaya.

Hatua ya kwanza: liandike neno kama wenye lugha wanavyoliandika

Kabla ya kulinganisha, hakikisha kwamba tahajia kweli ni moja. Tahajia ya Kiganda iliyosanifishwa mwaka 1947 huandika irabu ndefu kwa herufi mbili, na konsonanti inayotamkwa kwa mkazo kwa herufi mbili pia. Vibao vya barabarani, ujumbe wa simu na vitabu vya zamani vilivyoandikwa na wageni huacha mara nyingi mojawapo ya herufi hizo, na hapo ndipo maneno mawili yaliyo tofauti huonekana kuwa moja.

Chukua neno ggulu, ambalo kwa Kiganda ni mbingu, na ambalo pia ni jina la baba yake Nambi, mke wa Kintu, mtu wa kwanza katika masimulizi ya Waganda. Likiandikwa kwa g moja linageuka kuwa Gulu, jiji lililo katika nchi ya Waacholi, ambao lugha yao haimo katika familia ya Kibantu. Mwanafunzi anayesoma maandiko ya zamani kuhusu Kintu anaweza kudhani kwamba masimulizi hayo yanataja jiji la kaskazini. Ukirudisha herufi iliyoachwa, utata unapungua mara moja.

Mfano wa sala una manufaa zaidi. Kwa Kiganda, okusala ni kukata, na okusaala, yenye irabu ndefu, ni kuswali kama Waislamu wanavyoswali. Neno hili la pili limetoka katika Kiarabu kwa kupitia pwani, na kwa hiyo lina asili moja na sala ya Kiswahili. Jamaa wa sala yetu ni lile la irabu ndefu, wakati lile linalofanana nalo herufi kwa herufi ni mgeni kabisa kwake. Mtu anayepuuza irabu moja atawaunganisha wasio jamaa na kuwatenganisha walio jamaa.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi haionyeshi. Kiganda, Kiacholi na Kilugbara ni lugha za toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hutofautisha maana, ilhali maandishi ya kawaida ya lugha hizo kwa kiasi kikubwa hayaweki alama za toni. Kiswahili sanifu hakina toni ya namna hiyo. Ukiwa na shaka, mwombe mzungumzaji atamke neno peke yake na kisha ndani ya sentensi nzima, umrekodi kwa simu kwa ruhusa yake, na uandike pembeni namna alivyolitamka. Fanya hivyo kwa wazungumzaji wawili au watatu, kwa kuwa matamshi ya mjini na ya kijijini yanaweza kutofautiana.

Hatua ya pili: vua viambishi upate mzizi

Lugha za Kibantu hubeba viambishi vingi, na kiambishi cha lugha moja kinaweza kufanana na sehemu ya mzizi wa lugha nyingine. Neno kula linaonyesha hatari hii vizuri kuliko mengine yote ninayoyajua. Kwa Kiswahili, kula lina kiambishi ku- na mzizi -la, na maana yake ni kutia chakula kinywani na kukimeza. Kwa Kiganda, mzizi ni -kula wote mzima, nao unatumika katika okukula, yaani kukua. Herufi ni zilezile nne, lakini mahali pa kukata ni tofauti.

Ukishakata panapostahili, kila neno linampata ndugu yake. Ndugu wa -la ya Kiswahili ni -lya ya Kiganda katika okulya, ambayo maana yake ni ileile ya kula. Ndugu wa -kula ya Kiganda ni -kua ya Kiswahili, ambayo imepoteza l ya kati kwa kanuni nitakayoieleza katika hatua ya tano.

Katika Kiganda usisahau pia irabu ya mwanzo, yaani a, e au o inayotangulia nomino nyingi: omuntu, ekitabo, amazzi. Iondoe unapotafuta mzizi, lakini iandike unapoweka neno katika orodha yako, maana bila hiyo msomaji mwenye lugha ataona neno limekatwa kichwa. Neno tunda linaangukia hapahapa: kwa Kiswahili ni nomino inayotaja zao la mti, na wingi wake ni matunda, ilhali kwa Kiganda -tunda ni mzizi wa kitenzi okutunda, kuuza. Mgeni anayemsikia mwanamke sokoni akisema kwamba anatunda ndizi ataelewa vibaya, ingawa bidhaa iliyo mbele yake inamfanya aamini kwamba ameelewa vizuri.

Hatua ya tatu: jua neno limetoka katika familia gani ya lugha

Uganda ni mahali pagumu na pazuri kwa uchunguzi huu, kwa sababu familia kadhaa za lugha zinaishi jirani. Kiganda, Kisoga, Kinyankore, Kikiga, Kinyoro, Kitoro na Kimasaba ni za Kibantu, pamoja na Kiswahili chenyewe. Kiacholi, Kilango, Kialur na Kidhopadhola ni za Kiniloti cha magharibi. Kiteso na Kikaramojong ni za Kiniloti cha mashariki, na Kikupsabiny cha miteremko ya Mlima Elgon ni cha Kiniloti cha kusini. Kilugbara na Kimadi ni za kundi la Sudani ya Kati, na huko Karamoja wapo Waik, ambao lugha yao iko katika kundi dogo la peke yake. Jina Bantu lilienezwa na Wilhelm Bleek katika sarufi linganishi aliyoitoa mwaka 1862, na mgawanyo wa lugha za Afrika unaotumika sana hadi leo ulitolewa na Joseph Greenberg mwaka 1963.

Ujuzi huu unafupisha kazi. Maneno mawili yakitoka katika familia mbili tofauti, yamebaki maelezo mawili yenye uzito: ama lugha moja imekopa kwa nyingine, ama ni sadfa. Yakitoka katika familia moja, inaongezeka nafasi ya tatu, kwamba yamerithiwa kutoka kwa lugha mama.

Sasa yarudie majina ya ramani. Kwa Kiswahili, lango ni mlango mkubwa, na lina uhusiano wa wazi na mlango. Lango la kaskazini ni jina la watu wanaosema lugha ya Kiniloti, na jiji lao kuu ni Lira. Kwa Kiswahili, teso, ambalo huzoeleka zaidi kwa wingi wake mateso, limetokana na kitenzi tesa. Jina la Teso limo katika lugha ambayo mtu mmoja wa kiume huitwa Etesot, watu huitwa Iteso na lugha huitwa Ateso, na mpangilio huo wa viambishi ni wa Kiniloti cha mashariki kabisa. Hakuna njia ambayo kitenzi tesa kingepita kuingia humo. Yeyote anayeeleza jina hilo kwa kutumia mateso, awe mwalimu darasani au kiongozi jukwaani, anawabebesha watu historia isiyo yao, na anayejua anapaswa kumsahihisha kwa upole na bila kuchelewa.

Moyo na Kumi yanafuata mkondo huohuo. Mji wa Moyo uko katika nchi ya Wamadi, na neno moyo la Kiswahili ni la Kibantu, ambalo Washona wa Zimbabwe nao wanalo kwa tahajia na maana ileile kwa sababu lugha hizo mbili zimelirithi. Kwa hiyo Kiswahili kina undugu na Kishona cha mbali huko kusini, na hakina undugu wowote na jina la mji ulio ndani ya Uganda. Kumi ya Kiswahili na kkumi ya Kiganda ni ndugu, zote zikitaja idadi ya 10, lakini mji wa Kumi uko katika nchi ya Iteso na jina lake ni jambo jingine. Kuku pia ni jina la watu wa upande wa Moyo na ng'ambo ya mpaka wa Sudan Kusini, wenye lugha iliyo karibu na Kibari, na hawana uhusiano na ndege anayefugwa nyumbani.

Hatua ya nne: fuatilia kila neno hadi kwao, moja baada ya jingine

Hii ndiyo hatua inayochukua muda mwingi, na ndiyo ambayo watu huiruka. Nitatumia neno soma, kwa sababu sijui tahajia nyingine inayofundisha mengi kiasi hicho.

Anza na Kiswahili na Kiganda. Kwetu, soma ni kuyapitia maandishi na kuyaelewa, na pia kupata elimu. Kwa Kiganda, okusoma lina maana hizohizo. Hapa usikimbilie kusema kwamba, kwa kuwa lugha zote mbili ni za Kibantu, basi neno hili limerithiwa. Jiulize kwanza kitu chenyewe kilifikaje. Usomaji wa vitabu ulifika Buganda katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa pwani waliofundisha Kurani katika ikulu, kisha wakaja wamisionari wa Kianglikana mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879, wakati wa Kabaka Mutesa wa Kwanza. Maana ya kusoma kitabu iliingia kwa njia hiyo. Neno linapofuatana na kitu kipya, lichunguze kwanza kama mkopo.

Hata hivyo neno lililokopwa huanza maisha yake mapya. Waongofu wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, kwa kuwa kujiunga na dini na kujifunza kusoma vilikwenda pamoja. Mfasiri wa leo akikutana na abasomi wa miaka ya 1880 na kuandika wasomi, msomaji wa Kiswahili atawaona watu wenye shahada za chuo kikuu. Asili ni moja, tahajia ya mzizi ni moja, na bado tafsiri ya moja kwa moja inapotosha. Katika muktadha huo andika waongofu au wanafunzi wa dini, ueleze neno lenyewe mara ya kwanza linapotokea.

Sasa toka nje ya Afrika Mashariki. Katika Kisanskriti, soma ni mmea na kinywaji cha ibada za zama za Veda, maandiko matakatifu ya kale ya India, na jina limetokana na mzizi wenye maana ya kukamua. Kwa Kigiriki, soma, yenye o ndefu, ni mwili, na kutoka huko wanabiolojia wamelipata jina la sehemu kuu ya seli ya neva, jambo ambalo wanafunzi wa udaktari pale hospitali ya Mulago, Kampala, hukutana nalo mapema. Kwa Kireno, soma ni jumla ya hesabu, kutoka Kilatini summa. Kwa Kiitalia, soma ni mzigo wa mnyama, kutoka neno la Kigiriki la tandiko lililopitia Kilatini cha baadaye. Zingatia jambo hili: Kireno na Kiitalia ni watoto wa Kilatini, lakini soma zao si ndugu, na ndugu wa kweli wa soma ya Kireno katika Kiitalia ni somma, yenye m mbili. Kwa Kilatvia, soma ni mfuko. Kwa Kifini, ni sifa ya kitu cha kupendeza. Nchini Uturuki, Soma ni mji wa migodi ya makaa ya mawe, ambako watu 301 walikufa katika ajali ya tarehe 13 Mei 2014, na Japani kuna mji wa Soma katika mkoa wa Fukushima.

Baada ya kuzikusanya zote, linganisha na haoma. Hilo ni neno la Kiavesta, lugha ya maandiko ya kale ya dini ya Zoroasta katika Iran ya zamani, nalo linataja kinywaji cha ibada. Herufi zake zinatofautiana na za soma, lakini ni ndugu wa damu wa soma ya Kisanskriti, kwa sababu s ya kale mbele ya irabu hugeuka h katika lugha za Kiirani kwa utaratibu unaorudiwa katika maneno mengi. Haoma na soma ya Kisanskriti ni jamaa, ilhali soma ya Kisanskriti na soma yetu, zilizo sawa herufi kwa herufi, hazijuani. Mwanafunzi akilielewa hili tu, amepata kiini cha isimu linganishi.

Kwa upande wa zana, daftari lenye safu tano linatosha: neno kama linavyoandikwa na wenyewe, lugha na familia yake, maana ya kwanza kabisa inayojulikana, njia iliyolileta, na mtu au maandishi yaliyokupa habari. Kwa maneno ya Kibantu kuna hazina ya mizizi iliyokusanywa na makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, ambayo inapatikana kwenye intaneti. Kwa maneno ya Kiarabu tafuta tahajia ya Kiarabu yenyewe, kwa sababu herufi zake kadhaa zinazotamkwa tofauti huingia katika Kiswahili zikiwa s moja, t moja au h moja. Safu ya tano usiiache wazi hata mara moja. Neno lisilo na shahidi halifai kuingizwa katika kamusi.

Hatua ya tano: tafuta utaratibu unaojirudia

Undugu wa maneno huthibitishwa na mabadiliko ya sauti yanayojirudia katika maneno mengi. Kati ya Kiganda na Kiswahili, mojawapo ya taratibu hizo ni kupotea kwa l ndani ya mzizi upande wa Kiswahili. Kiganda kina enjala, sisi tuna njaa. Kina okuzaala, tuna kuzaa. Kina okutwala, tuna kutwaa. Kina okukula, tuna kukua. Kina leero, tuna leo, na r hiyo ya Kiganda ni l iliyobadilika kwa kutanguliwa na e. Utaratibu mwingine ni nt ya Kiganda kuwa t kwetu, kama katika omuntu na mtu, ekintu na kitu. L iliyo mwanzoni mwa mzizi mara nyingi imebaki, kama katika okulima na kulima, kwa hiyo andika pia mazingira ambamo sauti hubadilika, maana kanuni bila mazingira yake itakudanganya.

Kutokana na hapo unapata kipimo ambacho mwanzoni kinashangaza. Neno lililorithiwa na lugha mbili zilizotengana kwa muda mrefu kwa kawaida lina makovu ya safari hiyo, na lile linalofanana mno linastahili kushukiwa kuwa mkopo au sadfa. Ekitabo na kitabu zinafanana kwa sababu Kiganda kilikopa kutoka pwani neno ambalo pwani ilikopa kutoka Kiarabu. Yapo maneno yaliyorithiwa ambayo hayakubadilika, kama mbuzi na embuzi, kwa hiyo kipimo hiki ni cha kuelekeza uchunguzi, na uamuzi hungoja ushahidi mwingine.

Kuhusu sadfa, watu wengi hawaamini kwamba inaweza kuzaa maneno yanayofanana kabisa. Hesabu yake ni nyepesi. Lugha yenye konsonanti 20 na irabu 5 ina silabi 100 za konsonanti na irabu, na silabi hizo zikipangwa mbilimbili zinatoa maumbo 10,000. Lugha yoyote ina maelfu ya maneno, na lugha zinazopenda silabi wazi, yaani zinazoishia kwa irabu, kama Kiswahili, Kijapani, Kifini na Kiitalia, zinagombania maumbo yaleyale. Migongano lazima itokee. Ndiyo maana masaka, ambalo kwetu ni jiji lililo njiani kwenda Mbarara, kwa Kijapani ni tamko la mtu asiyeamini alichosikia, na kumi kwa Kijapani ni kikundi au darasa. Sala, tuliyoiona kwanza, kwa Kihispania ni ukumbi, na kwa Kilatvia ni kisiwa.

Mfano mashuhuri kuliko yote umetoka Australia. Mwanaisimu R. M. W. Dixon alipokuwa akichunguza lugha ya Kimbabaram ya wenyeji wa Queensland, alikuta kwamba mbwa anaitwa dog, sawasawa na Kiingereza kwa sauti na kwa maana. Haukuwa mkopo. Lugha jirani zina gudaga na guda kwa maana hiyohiyo, na utaratibu wa mabadiliko ya sauti za Kimbabaram unaeleza kila hatua kutoka gudaga hadi dog. Ikiwa sadfa inaweza kuleta umbo na maana kwa pamoja, basi umbo peke yake lina uzito mdogo zaidi.

Hali ya kinyume pia ipo, ambapo maana zimeachana ingawa asili ni moja. Kwa Kiacholi gang ni nyumbani. Kwa Kiingereza neno lenye tahajia hiyo ni genge, na kwa Kijerumani ni mwendo au ujia wa ndani ya jengo. Maneno ya Kiingereza na Kijerumani ni ndugu, kwani yote yametoka katika wazo la kwenda, genge likiwa hapo awali ni watu wanaokwenda pamoja. La Kiacholi halihusiani nayo. Kwa hiyo tofauti kubwa ya maana haivunji undugu, kama vile usawa wa tahajia usivyoujenga.

Hatua ya sita: chunguza pia ndani ya lugha moja

Tahajia moja inaweza kuwa na asili mbili ndani ya lugha ileile. Meza ya kulia chakula imetoka Kireno, na meza ya kupitisha kitu kooni ni kitenzi cha Kibantu. Kiganda kilikopa ile ya kwanza tu na kuiandika emmeeza, huku kwa kitendo cha pili kikitumia okumira. Swala mnyama wa porini na swala ya msikitini ni maneno mawili. Lira ni mfano mzuri kwa sababu tunalo jiji la jina hilo: kwa Kiitalia, lira ya fedha imetoka Kilatini libra, yaani ratili, na lira ya muziki imetoka jina la Kigiriki la kinanda cha nyuzi. Kilatini chenyewe kilikuwa na lira nyingine yenye maana ya mfereji wa jembe. Jiji la Lango halimo katika hesabu hiyo hata kidogo.

Maneno ya watoto wachanga yaweke kando. Mama, baba na tata hupatikana pande zote za dunia kwa kuwa sauti hizo ndizo za kwanza kutoka kinywani mwa mtoto, na kwa Kijojia, lugha ya Milima ya Kaukazi, mama ni baba mzazi. Usijenge hoja yoyote ya undugu juu yake.

Hatua ya saba: andika matokeo namna ambayo msomaji hatapotea

Katika kamusi, maneno yenye asili tofauti yapewe vidahizo (maneno makuu yanayofafanuliwa) tofauti vyenye namba, hata kama tahajia ni moja: meza1 na meza2, swala1 na swala2. Maana mbalimbali za neno moja zikae chini ya kidahizo kimoja. Kila kidahizo kionyeshe lugha ya asili, na pale ambapo asili haijathibitishwa acha nafasi hiyo bila kitu. Katika kamusi ya lugha mbili, kwa mfano ya Kiganda na Kiswahili, weka onyo fupi kwenye maneno ya hatari. Chini ya okutunda andika kuuza, kisha ongeza kwamba tunda la Kiswahili kwa Kiganda ni ekibala. Mwanafunzi atalikumbuka onyo hilo kuliko kanuni ndefu.

Katika habari na tafsiri, herufi kubwa hazitoshi, kwa sababu vichwa vya habari huandikwa vyote kwa herufi kubwa na habari za redio husikika bila herufi. Sentensi isemayo kwamba mgonjwa amepelekwa Hospitali ya Moyo inaweza kumpeleka msikilizaji kwenye matibabu ya moyo huko Mulago, wakati mgonjwa yuko katika mji wa Moyo, eneo la Nile Magharibi. Sema hospitali ya mjini Moyo, na ile nyingine uiite hospitali ya magonjwa ya moyo. Wilaya ya Kumi isomwe wilaya inayoitwa Kumi mara ya kwanza inapotajwa, ili isieleweke kuwa ni ya 10 katika orodha. Ukitafuta habari za Jinja kwenye intaneti, ongeza neno Uganda au Nile, kwa sababu kwa Kijapani jinja ni hekalu la dini ya Shinto, na waandaaji wa programu wana zana iliyopewa jina kutokana na hekalu hilo. Jinja yetu imetokana na ejjinja, yaani jiwe, kwa ajili ya miamba ya pale Nile inapotoka ziwani, ambako maporomoko ya Ripon yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka 1954.

Kwa majina ya watu, napendekeza kutumia jina ambalo wenyewe hulitumia. Andika Iteso, badala ya kubandika wa- ya Kiswahili na kupata umbo ambalo sikio la Kiswahili litalisikia karibu na watesi. Usiandike Waiteso, kwa kuwa i- tayari ni alama ya wingi. Ukimaliza kuandika, msomee kwa sauti mzungumzaji wa lugha inayohusika, si kwa maandishi tu, umwombe akusimamishe kila anaposikia neno linaloyumba, na masahihisho yake uyaandike katika safu ya tano ya daftari lako kabla ya kuchapisha.